Tundu la Sindano

Miaka mitatu nilimlaumu Lali, mwenye duka la Langoni:
sindano za siku hizi za hila, nikisema,
tundu wamelibana makusudi
uzi ukatike, tununue mwingine.
Nilisema hadharani, barazani kwa Famau,
na wenzangu wakaitikia, maana sisi wazee
tumeshakubaliana kwamba kila cha siku hizi kimeharibika.

Nashona kofia za vito tangu sijabaleghe.
Kofia moja miezi miwili; ukidaiwa, mwezi na nusu.
Vichwa vya Mkomani vyote nimevipima kwa kamba:
cha tajiri na cha mchukuzi wa mawe
vyapitana upana wa kucha.
Kinachovimba kwa cheo hurudi kwangu kofia ipanuliwe,
na baada ya uchaguzi hurudi tena, ipunguzwe.

Kila asubuhi nikikaa mkekani
nakuta kimto chekundu kimejaa sindano,
kila moja na uzi wake unaning'inia.
Nilidhani ni mimi niliyezitunga jana, nikasahau.
Mtu wa miaka sabini na minne husahau mengi,
na aliyoyasahau hujihesabia yote kuwa mema yake.
Zikiisha, baada ya alasiri, ndipo hujaribu moja mwenyewe,
ndipo jina la Lali hutajwa.

Kisha Swafiya akajifungua Malindi, mamake akamfuata.
Zeituni aliniachia nguru mkavu, vidonge vya presha vilivyohesabiwa,
na wasia mmoja: "Usimfungie paka ndani."
Siku ya pili kimto kilikuwa kitupu.
Nikaulowesha uzi kwa mate, nikausokota,
nikaisogeza sindano mwangani, nikaiondoa mwangani,
nikapiga bismillahi mara tisa.
Nikamwita Twaha. Mjukuu akatunga kwa mkono mmoja na nusu,
nusu nyingine imeshika simu,
akasema bila kunitazama:
"Bibi hutunga ishirini kila usiku ukishalala.
Alinikataza nisikwambie."

Nilikaa kitako.
Miaka arubaini na sita nimeweka daftari la ndoa kichwani:
mahari niliyotoa, mabati niliyoezeka,
kisima nilichochimbisha mwaka wa ukame,
chumvi aliyozidisha, majibu aliyonijibu mbele ya dada zangu.
Sindano ishirini kwa usiku hazikuwamo.
Nikajaribu kuzizidisha kwa mwaka, nikaacha;
hesabu ilinipita, kama uzi ulivyonipita.

Nikashuka Langoni kumwomba Lali radhi.
Alikuwa akipima dengu, hakuacha.
"Tangu kae nayuwa," akasema.
"Mkeo alikuja. Alisema: mume wangu atakutukana,
niwie radhi wewe kabla hajaanza.
Na kila mwezi hununua sindano kwangu, zile za tundu kubwa."

Za tundu kubwa!

Zeituni alirudi kwa basi la Jumatano, miguu imevimba,
ananukia maziwa ya mtoto na vumbi la Witu.
Akauliza habari za paka. Nikampa.
Nikampa kigoda, nikampa na maji ya moto ya miguu;
akanitazama kama mtu anayekagua noti.
"Una homa?" akauliza.
Nikasema chai imepoa.

Watoto hutwambia tuzungumze, mambo yawekwe wazi.
Labda. Wao wana taa nyingi.
Usiku ule nililala upande wa ukuta, macho nimeyafumba,
hata nikasikia kifuniko cha mkebe, polepole,
na pumzi yake ikihesabu: moja, mbili...
Kwenye ya saba akakwama.
Akajaribu, akajaribu, akalitaja jina la Lali;
nami, nisije nikacheka, nisije nikalia,
nikakoroma kwa ustadi wangu wote.