Chini Kidogo ya Horombo

Ulianza na bomba la kadibodi,
lile linaloviringishiwa vitenge,
ulilopewa bure Kiboriloni na muuzaji aliyekuonea huruma.
Ukalivisha faibaglasi, tabaka juu ya tabaka,
ukalipiga msasa uani mpaka majani ya migomba yakawa meupe
na mama yako akauliza
tunasaga unga au tunasaga mapafu.

Pua yake aliikereza fundi Mchomvu, kule Pasua,
kwa kipande cha mringaringa kilichosalia mlango wa babu yako.
Ya kwanza ilitoka kama pia.
Ya pili, mchi.
Ya tatu akaipitisha shavuni, macho kafumba:
"Hii upepo hautaikuta na neno."

Mapezi matatu. Si manne, ulisema,
la nne ni uzito, na uzito ni kimo unachokipoteza.
Hapo nikakohoa, Haikaeli.
Miaka kumi na mmoja nimebeba mizigo ya watu mlimani,
mahema, mitungi ya gesi, viti vya kukunja,
safari moja choo kizima cha plastiki,
na hakuna aliyewahi kuniambia jambo hilo kwa ufupi hivyo.

Kibali kilikula miezi minne.
Barua ikaenda Dar, ikarudi ikidai mchoro;
mchoro ukaenda, wakadai sahihi ya mwenye shamba;
mwenye shamba akadai aambiwe kwanza kama ni bomu.
Injini, fupi kama kiganja, muda wote huo
ililala kituoni chini ya lakiri.
Ukamkunjulia mwenye shamba kitambaa cha rangi ya chungwa,
mwavuli wa kwaya wa mama yako, uliokatwa na kushonwa upya.
"Bomu halibebi mwavuli," ukamwambia.
Akatia sahihi.

Tulitoka alfajiri, kabla ndege hazijaanza kushuka KIA,
hadi nyika iliyo chini ya mashamba ya miwa.
Mlima ulikuwa umejifunua wote, hata mabega.
Tukarudi nyuma mita mia, kando ya pikipiki ya mjomba wako.
Ukahesabu. Kwenye tatu sauti ikakukatika.
Ukabonyeza.
Kimya. Njiwa mmoja.
Ukachomoa betri, ukangoja dakika nzima kwa saa,
ukaenda, ukakwangua kutu kwenye waya, ukarudi
bila kumtazama mtu.

Mara ya pili sikuiona ikiondoka.
Niliona mahali ilipokuwa.
Kisha sauti, kama kanga ichanwe na mwenye hasira,
na uzi mweupe umesimama wima,
moshi juu ya Moshi,
na mjomba wako, mtu wa mizaha, hakusema kitu.

Tuliitafuta mpaka jua likatuchoma shingo.
Tuliisikia kabla ya kuiona, ndani ya alizeti za watu:
kipima-kimo kikilia tarakimu zake kama kifaranga.
Mbili. Sita. Moja. Moja.
Ukajumlisha na kimo cha nyika, ukajumlisha tena.
Elfu tatu mia tatu hamsini na moja.
Ulitaka Horombo. Ukaketi mavumbini.

Nisikilize basi. Hapo ulipofika napajua.
Msitu umekwisha, vichaka vinakufika kiunoni,
kuna jiwe jeusi upande wa kushoto.
Safari yangu ya kwanza nilitua mtungi juu yake,
nikaapa sibebi tena kitu cha mtu.
Mpishi akapiga kelele, wageni wanataka chai.
Nikabeba.
Mimi nilipafika siku ya pili, saa tano.
Wewe, sekunde ishirini na mbili.

Ukapangusa pua kwa mkono wenye gundi.
Hukunipa pole. Uliuliza,
"Baridi ya hapo ikoje, asubuhi?"
Sweta moja, nikasema. Upepo ukiwepo, mbili.
Ukatazama kile kidude, ukatoa daftari,
ukaandika kwa penseli, kwenye mstari mmoja:
*nyuzi kumi na moja. Sweta moja.*