Nafasi ya Jina la Kienyeji

Karatasi namba mia nne na saba, kabati la tatu,
chumba cha nyuma pale Isevya, ambako feni huzunguka
kama imelazimishwa.
Nyasi moja, imekaushwa, imeshonwa kwa uzi mweupe:
mizizi, shina, masuke mawili yaliyoegemeana.
Ilichumwa Ipole, kando ya barabara ya Sikonge.

Jina la Kilatini: lipo, kwa wino.
Juu yake kipande cha karatasi, jina jingine,
juu ya hicho kipande kingine, gundi imegeuka njano.
Mara tatu wameibatiza, hawajakubaliana.
Ndugu yake, imeandikwa, huota ng'ambo,
vichakani, kwenye vilima vikavu vya bahari ya Mediterania,
ambako mvua hunyesha majira ya baridi,
jambo ambalo huku Unyamwezi tungeliita
ulevi wa mawingu.

Mmea wa kudumu: ndiyo.
Jina la kienyeji: kistari.

Kistari hicho kilinikera kama kibanzi kidoleni.
Jumamosi nikapanda pikipiki hadi kwa shangazi Nyamizi,
nikamwonyesha picha kwenye simu.
Akaisogeza mbali na macho, akaikaribisha tena.
"Wakati gani?"
Wakati gani nini, shangazi?
"Ikichipua baada ya moto ina jina lake.
Ng'ombe wakianza kuikataa, jingine.
Ikikauka ikawa inaimba usiku, jingine.
Ikishapanda juani kwenye paa, hiyo si nyasi tena,
hiyo ni nyumba."
Akanitajia manne. La tano likampotea,
akamwita Kashindye jikoni, wakabishana
mpaka ugali ukashika sufuria.

"Na huyo wa Kilatini, aliwahi kuezeka?"
Sijui. Alikaa siku tatu.
"Haya. Kajitahidi."

Jumatatu. Nafasi yenyewe ni upana wa vidole viwili.
Kalamu ya wino nimeirudisha mfukoni.
Kwa penseli, herufi za kubana, juu ya kistari:
*Hutegemea moto. Muulizeni Nyamizi, Ipole,
kabla ya mvua za Novemba.*

Bosi atafuta. Penseli hufutika, najua,
ndiyo maana nimeikandamiza.

Nje, nyuma ya choo cha ofisi, palipochomwa juzi,
kijani chembamba kinachoma jivu kutoka chini,
sindano baada ya sindano,
na leo, kwa saa za shangazi,
kina jina moja tu.