Wenyeviti wa Ghorofa ya Tatu

Kiti changu kina magurudumu matano na vishikio saba.
Kimoja chapandisha, kimoja chalaza mgongo,
vitano sijui kazi yake hadi leo.
Kwa kiti hiki bibi yangu Leokadia
angetoa mshahara wa wiki,
na trei ya mayai juu yake.

Jengo ni lilelile: matofali mekundu, Łódź, ghorofa ya tatu.
Sisi twahesabu ankara za majokofu ya watu wengine.
Wao walifuma pamba,
mitambo kumi na miwili kwa kila mwanamke,
toka alfajiri mpaka kengele ya saa nane.
Miaka thelathini na mmoja alisimama.
Jioni alitumbukiza miguu katika beseni la maji ya chumvi,
nami, mtoto, nikifuata mishipa yake kwa kidole
kama mito ya ramani:
huu, bibi, unaishia wapi?

"Soma," alisema. "Soma upate kazi ya kukaa."

Nikasoma. Nikapata. Nikakaa.

Nilikaa mpaka kiuno kikalia kama bawaba.
Nilikaa nikala. Nilikaa nikampigia simu Otylia
aliye hatua nane kutoka kwangu.
Tukiitwa kwenye kikao, kweli ni kikao.
Na mwenyekiti ni nani? Sote!
Kila mtu na kiti chake,
chumba kimya kama ghala la magunia.

Kisha Februari moja kalamu ilidondoka.
Nikapiga magoti chini ya meza
nikaona vichwa vinne vya boliti zilizokatwa,
na mbele yake ubao umebonyea, mabonde mawili madogo,
upana wa nyayo.

Nikasukuma meza. Nikatia viatu vyangu humo.
Dirishani kulikuwa na ua! Mtu akifagia theluji,
kunguru akimsimamia.
"Umepoteza nini?" aliuliza Gerwazy.
"Miguu," nikamjibu.

Sikuhubiri. Nilianza kwa kwenda kwa Otylia,
hatua zile nane,
nikajua ana mbwa wa miguu mitatu anayempita mbio.
Jumatatu kikao kikawa kisimamo:
dakika kumi na moja, maneno yakaisha.
Gerwazy, mwenye goti la chuma, huzungusha mabega tu,
na yatosha.
Na mtu, hatujui nani, akabandika kwenye printa:

*Hukuumbwa kuwa gogo, ubakie palepale,*
*Nyosha goti na kisogo, ufike dirisha lile,*
*Birika mbali kidogo, limewekwa kule, kule,*
*Kiti si baba wa mtu, kukiacha si makosa.*

Sisemi tusimame kama yeye.
Kusimama kwake kulikuwa amri,
msimamizi na saa yake mkononi.
Lakini kukaa kwangu,
saa tisa kwa siku, nani aliniamuru?
Mlango haukufungwa. Ngazi haikung'olewa.
Hata kiti chenyewe, ukikisukuma kidogo,
chaondoka bila kinyongo.

Basi kila saa nainuka, narudi kwenye mabonde yale.
Visigino vyangu havijayajaza.
Kaa, bibi. Kaa, nyoosha miguu,
maji ya beseni bado yana moto.
Kengele imelia,
na zamu hii ni yangu.