Dakika ya Arobaini na Saba

Faili mia nne na kumi na mbili.
Nimezikamua moja moja kutoka kanda za baba,
kanda nyeusi za ghorofa ya saba, mji wa Ruse,
na majina aliyozipa ni ya kutia aibu:
"ya polisi, nzuri", "mpya 2", "hii usifute",
"hii nayo".

Programu haina haraka wala haya.
Inanusa faili, inahesabu dakika,
inakwenda huko inakokwenda, inarudi
na bango, na mwaka, na mwongozaji,
na majina ya watu hadi yule aliyeshika taa.
Rafu yangu inavaa nguo za Idi.

Kisha inauliza: Lugha?
Vidole vinaning'inia hewani.

Waigizaji wanasema Kiingereza, sawa,
au Kifaransa, au Kikantoni kilichopita mikono mitatu.
Lakini juu yao yuko baba.
Miaka ile mipaka ilipofunguka na mifuko ikakauka,
Ognyan, mwalimu wa jiografia,
alikaa jikoni na maikrofoni iliyofungwa kwenye mwiko
akitafsiri papo kwa papo, bila karatasi,
jambazi na hakimu, bibi harusi na farasi
(farasi pia, maana aliona vibaya kumwacha bubu),
wote kwa sauti ile ile
ya mtu anayesoma ratiba ya treni.
Mtu akipigwa risasi, "Nakufa," alisema baba.
Mtu akipendwa, "Nakupenda," vivyo hivyo.
Mtaa mzima ulijifunza kutongoza kwa sauti hiyo.

Natafuta kisanduku chake.
Cha mwongozaji kipo. Cha mtunzi wa muziki kipo.
Cha fundi wa mavazi kipo, hata cha aliyefundisha mbwa.
Aliyewakopesha koo watu mia kwa usiku mmoja
hana pa kuketi.
Kwenye Lugha naandika: Baba.
Thamani si sahihi, inanijibu,
na chini yake, kwa adabu:
Kelele za nyuma zimegunduliwa. Ziondolewe?

Faili ya mia mbili na sita.
Mfungwa yuko juu ya ukuta, mvua inamchapa,
anainama kumwambia mwenzake neno la mwisho,
na nyuma ya mvua namsikia mama:
"Ogi, maharage yanaungua!"
Kiti. Nyayo. Sufuria.
Mfungwa anafumbua mdomo, anaufumba, kama samaki kwenye karai,
mpaka baba anarudi akihema, anafupisha:
"Basi. Amemwambia aondoke."

Mama alikuwa na mafua siku hiyo. Inasikika.
Sikuwa na sauti yake mahali pengine popote.

Baba amekaa hapa pembeni yangu.
Tangu madaktari walipomfungua koo, majira mawili ya theluji sasa,
anaongea kwa daftari, kalamu ameifunga uzi shingoni.
Nimemchezea kipande kile mara mbili.
Mara ya kwanza alicheka, kwa mabega tu.
Mara ya pili aliandika, akafuta, akaandika tena:

Hakumwambia aondoke.
Alimwambia abaki.
Nilichelewa, nikabahatisha.

Miaka thelathini, mtaa mzima wa Ruse
umemwona mwenzake akibaki chini ya ukuta ule
na kumwita mkaidi.

Nikamuuliza: tusahihishe?
Akanisukuma kando, akavuta kibodi,
kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi,
akafuta bango, akafuta nyota nane kati ya kumi,
akaingia kwenye kisanduku cha lebo
ambacho sikuwa nimekigusa,
akaandika: maharage.

Hifadhi.

Kelele za nyuma. Ziondolewe?
Alibonyeza Hapana kabla yangu,
kisha akaenda kwenye utafutaji, ahakikishe.
Maharage: tokeo moja.
Akalifungua. Akaongeza sauti.