Nitwishe

Kabla ya bomba jipya, Tandale kwa Mtogole,
tulikuwa na neno moja la gatini: nitwishe.
Lita ishirini ziko chini, wewe umeziinamia,
ngata kichwani, unatazama nani yuko karibu.
Hata asiyekusalimu, akisikia nitwishe, huinama.
Mkono wake upande huu, wako upande ule,
moja, mbili, na maji yanapanda
yakiwamwagikia wote wawili.

Ndivyo mama alivyoishi na Mama Havintishi.
Walikosana kwa zamu ya upatu.
Mwaka mzima hakuna hodi, hakuna chumvi ya kuazima,
ila alfajiri, gatini: nitwishe.
Hilo tu. Halafu kila mtu na uchochoro wake.

Akaja Andongwisye, fundi wa kike kutoka Keko,
penseli sikioni, futi kamba shingoni.
Hakuuliza tunataka nini. Alikaa siku nne juu ya tofali
akihesabu migongo.
Siku ya tano akaanza kutupima,
unyayo hadi goti, goti hadi nyonga, nyonga hadi bega,
akiandika kwenye kipande cha boksi la sabuni.
Bibi Mwanamtama akamuuliza, mwanangu, unatupimia sanda?
"Napima bomba, bibi.
Hili lililopo lilipimwa na mtu asiyebeba maji."

Ofisi ya mtaa wakamwambia bomba ni bomba,
maji yanatoka, malalamiko ya nini?
Akaweka ndoo iliyojaa katikati ya sakafu
akamwomba mwenyekiti ajitwike peke yake.
Sitasema kilichoipata suruali ya mwenyekiti.
Mchoro ulipita.

Kitu chenyewe ukikiona utakidharau:
kibaraza cha zege, ngazi tatu,
bomba juu ya kila ngazi.
Moja ya bega la mtu mzima, moja ya bega la binti,
moja fupi, ya mtoto na kidumu chake.
Ndoo haigusi chini. Inajaa ikiwa begani pako,
unakunja magoti kidogo, unaivuta, unaondoka
kama mtu aliyekumbuka kitu nyumbani.

Mama akaacha kulala na kitambaa cha moto kiunoni.
Siwema, mimba ya miezi minane, akachota mwenyewe
na hakuna aliyemgombeza.
Foleni ikafupika; nikawahi kengele ya shule
mara tatu kwa wiki, halafu tano.
Na maji yalipokatika, watoto tukaigeuza ngazi fupi dawati.
Hapo juu ya zege nilijifunza kugawanya kwa njia ndefu,
karatasi imelowa pembeni.
Hilo Andongwisye hakulichora.

Wala hili:
neno lilikufa, na hakuna aliyelizika.
Mama kwenye ngazi yake, Mama Havintishi kwenye yake,
migongo imenyooka, midomo imefungwa.
Fundi aliporudi mwezi wa sita kukagua nyufa
akauliza, kuna kilichopungua?
Mama akalitazama zege, akasema hakuna.
Kisha akasema, kipo, ila futi kamba yako haifiki.

Andongwisye akakaa tena juu ya tofali, kutwa nzima.
Safari hii hakuandika kitu.

Juzi ngata ya Mama Havintishi imeteleza,
ndoo tayari kichwani, mikono yote miwili imeshika.
Asingeweza kuinama.
Kipande cha khanga kilichosokotwa, hicho matopeni.
Mama akaiacha ndoo yake ijae mpaka ifurike,
akaiokota, akaikung'uta, akasimama nayo.
Wote wawili wakawa wanatafuta neno.
"Nyanyua kidogo," mama akasema.
Maji yakawamwagikia.