Barua Kumi na Moja za Elis Pugh

Karatasi ni zangu. Nilizirithi kwa mama,
ndani ya kopo la biskuti lililoshika kutu,
barua kumi na moja, wino umegeuka rangi ya chai.
Naweza kuzichoma nikitaka, sheria haina neno.
Naweza kuzifungia samaki.
Kuzichapa, hapana.

Ndivyo alivyoniambia Bwana Idwal
katika chumba cha nyaraka pale Caernarfon,
sauti ya chini, kama yuko msibani:
"Bi Tegwen, karatasi ni ya aliyeandikiwa.
Maneno ni ya aliyeandika."
Nikasema, aliyeandika alikufa mwaka 1909.
"Amekufa yeye," akasema. "Maneno yake bado."
Akapiga hesabu kwa penseli:
kwa kuwa hazijapata kuchapishwa,
zitafunguka mwaka 2039 ukiisha,
saa sita usiku, nadhani, kama malango ya mji.
Nitakuwa na miaka tisini na tatu.
Bwana Idwal akatazama dirishani, kwa adabu.

Nilitaka kijitabu tu, kurasa arobaini,
kwa wajukuu wasiojua kwamba wazee wao hapa Bethesda
walipasua mlima ukurasa kwa ukurasa
wakaezeka nyumba za watu wasiowajua.

Tarehe hazina mwenyewe. Hilo nalo alinifunza.
Kuzaliwa, kubatizwa, kuoa, kufa:
ni kama hewa, avute atakaye.
Basi binamu yangu Arfon wa Liverpool
alipoubeba mti wa ukoo wangu, matawi na mizizi,
akaweka jina lake chini, nilinyamaza,
hadi nilipoona Morfudd, bibi yake mama,
amezaliwa tarehe 12.
Morfudd alizaliwa 21. Nilikosea mimi,
usiku mmoja wa mafua, miwani ikiwa jikoni.
Tarehe ni ya kila mtu, Arfon.
Kosa lile ni langu, nililitunga mwenyewe.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Hii ilikuwa na daftari, haikuwa na mwenyewe.
Elis, kaka yake Morfudd, alipanda meli mwaka 1886
akaenda kulima ngano Patagonia.
Majira mawili ya baridi nilifuata uzi wake:
mwana aliyekufa kwa homa,
binti aliyeolewa, jina likamezwa,
wosia uliotiwa sahihi kwa alama ya msalaba.
Mwisho wa uzi, Trevelin, chini ya milima ya Andes:
Nélida Pugh, mfuga nyuki, miaka sabini na mmoja.

Nilimwandikia kama mkopaji anavyoandika:
kwa unyenyekevu, nakala mia moja, si za kuuza.

Jibu lilichukua wiki tisa,
kwa Kiwelisi cha bibi yake,
Kihispania kikichungulia katikati ya sentensi
kama mtoto mlangoni.

"Unaniomba ruhusa ya kitu
ambacho sikujua kuwa ninacho.
Mto ulichukua nyumba na kabati lake.
Kwetu hakuna hata mstari mmoja wa mkono wake,
jina tu, juu ya jiwe.
Ruhusa umepata. Ila kwanza niambie,
zile L mbili aliziandikaje? Alikuwa na mzaha?
Akimaliza, aliaga vipi?"

Niliketi na kopo mapajani.
Mwenye maneno hajawahi kuyasoma.
Mwenye karatasi nimeyajua kwa moyo
tangu nina miaka kumi,
na midomo yangu imefungwa.

Kijitabu kimengoja; kitangoja tena kidogo.
Nimemtumia ile ya saba, yenyewe, si nakala.
Karani wa posta aliuliza thamani ya kilichomo.
Nikamwambia, karatasi.

Humo Elis anamwuliza Morfudd
kama paa la jikoni bado linavuja
upande wa kaskazini.

Linavuja.