Chumba Namba Tisa

Saa nane usiku mlinzi Lukelesha ameandika daftarini:
"Chumba namba tisa. Mwanga wa kijani. Taa hazijawashwa."
Akapiga mstari chini ya neno la mwisho,
mara mbili, kalamu ikatoboa karatasi.

Ni kweli, Lukelesha. Hatukuwasha taa.
Umeme wa Nyegezi ulikatika tangu saa tatu,
tukabaki na betri ya gari la Kwandu
na mwale ambao jicho halijui kuupokea,
wekundu uliopita wekundu,
ule ambao ngozi huuhisi kama joto
na jicho huukana.

Ndani ya kichupa, unga mweupe kama sembe.
Humo yiterbi ndiye mdakaji:
alidaka punje moja ya mwanga usioonekana, akamrushia erbi.
Erbi akapanda kidato kimoja, akangoja.
Kungoja kwake hakufiki hata kupepesa jicho,
lakini kwa aliye mdogo hivyo, hayo ni masika mazima.
Ikaja punje ya pili. Akapanda tena.
Ndipo alipoanguka, na kule kuanguka
ndiko kulikokuwa kijani,
kijani cha magugu maji yakitanda Igogo baada ya mvua.

Mama angesema, haba na haba.
Sijamwambia. Kibaba hujazwa kwa vitu vinavyoonekana;
mimi nimejumlisha giza na giza
nikapata rangi.

Lakini hatukukitaka kijani.
Asubuhi Kwandu alinunua mnofu wa sangara Kirumba,
akabishania bei kama mwenye wageni nyumbani.
"Wa kukaanga au wa rosti?" akaulizwa.
"Wa kumulika."
Muuzaji akampunguzia mia tano, kwa huruma.

Tuliulaza mnofu juu ya kichupa.
Kijani kikaingia nyamani, kikafia humo.
Nyama hukila, damu hukila zaidi,
na sisi tunatafuta taa ya kuwaka ndani ya mwili,
imwambie daktari: uvimbe uko hapa,
kata hapa, pengine paache.
Mwili humwachia mwekundu peke yake mlango wazi.
Ziba tochi kwa kiganja, utaona.

Miezi saba.
Tuliongeza yiterbi, rangi ikawa chungwa, kisha tope.
Tukapunguza erbi. Tukatia thuli, ikatoka buluu
nzuri, kama sketi za shule siku ya kwanza ya muhula,
isiyotufaa kitu.
Tulipandisha joto la tanuri nyuzi tano, tano tena,
kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio chakavu.
Rangi haimo ndani ya unga kama chumvi ndani ya mchuzi.
Rangi ni njia: mtu ashukie ngazi ipi,
na nani amesimama katikati akimziba.

Usiku huu aliyesimama ni manganizi,
wa bei rahisi, yule yule wa kwenye betri za tochi,
thelathini katika mia.
Erbi alipojiandaa kushuka kijani
manganizi akampokea mzigo, akaupunguza,
akamrudishia chini kidogo,
na erbi akatokea mlango wa pili.

Kwandu akalaza mnofu. Sikupumua.
Nje mawe yalikuwa yamekaa moja juu ya jingine
kama kawaida yao, hayana haraka na mtu.
Kisha, ndani kabisa ya sangara,
kama kaa lililosahauliwa majivuni,
doa.

Si kubwa. Punje ya mtama.
Kwandu akasema, "Mh."
Akalia kidogo, akajifuta kwa mkono wenye shombo,
akaniuliza kama nimeandika namba ya sampuli na saa.

Sikuwa nimeandika.

Kumbukumbu iliyopo ni ile ya getini,
mwandiko wa mtu aliyekosa usingizi:
"Saa kumi kasorobo. Chumba namba tisa. Mwanga mwekundu.
Nimegonga. Wanacheka.
Mezani kuna samaki, mbichi.
Nimewauliza nani amewasha.
Wamesema, manganizi.
Jina hilo halimo kwenye orodha yangu."